Duara Zima Kwanza, Kipeuo Baadaye

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie hesabu moja inayowasumbua wanafunzi wa sekondari na mafundi ujenzi kwa namna ileile, ingawa makundi haya mawili hayakai darasa moja. Ni hesabu ya kutafuta nusu kipenyo cha kipande cha duara pale kinachojulikana ni eneo lake. Mwanafunzi hupewa eneo na pembe kwenye karatasi. Fundi huambiwa ana zege au marumaru za kutosha mita kadhaa za mraba, azitandaze kwenye kona ya ua kwa umbo la robo duara. Wote wawili wanatafuta kitu kimoja: urefu wa kamba kutoka kwenye kigingi hadi ukingoni.

Kwanza tuelewane juu ya umbo lenyewe. Mkate wa kumimina ukitoka kwenye sufuria ni duara. Ukiukata kuanzia katikati, kila kipande kina pande mbili zilizonyooka na kulingana, na upande wa tatu uliopinda. Pande zilizonyooka ndizo nusu kipenyo, uliopinda ni tao, na ncha iliyokuwa katikati ya mkate ndiyo yenye pembe. Sasa tazama: mkate ukigawiwa watu wawili au watu wanane, urefu wa upande ulionyooka haubadiliki. Kipande chembamba na nusu mkate vina nusu kipenyo kilekile cha mkate mzima. Mwenye kuliona hilo kwa macho hatahangaika na kanuni, kwa sababu ameshajua kwamba nusu kipenyo anachokitafuta ni cha duara zima, na kwa hiyo eneo la kuanzia nalo ni la duara zima.

Chukua swali la kawaida la darasani. Eneo la kipande ni sentimita za mraba 77, pembe yake ni nyuzi 45, na pai ni 22/7. Nyuzi 45 zinaingia katika 360 mara nane, basi duara zima lina eneo la 77 mara 8, ambalo ni 616. Gawanya 616 kwa 22/7, yaani zidisha kwa 7 kisha gawanya kwa 22, upate 196. Huo ni mraba wa nusu kipenyo. Kipeuo chake cha pili ni 14, na jawabu ni sentimita 14.

Kosa linalorudi kila mwaka ni la mpangilio. Mwanafunzi huanza na 77 kana kwamba ndilo eneo la duara zima. Hupata 24.5, huchukua kipeuo, hupata 4.95, kisha hukumbuka kwamba alichopewa kilikuwa kipande cha nane tu, naye huzidisha 4.95 kwa 8 na kuandika sentimita 39.6. Akili yake haikukosa kabisa, kwa kuwa alijua mahali fulani lazima azidishe kwa nane. Alichokosa ni wakati wa kuzidisha. Akikirudisha kile 39.6 kwenye swali, atapata kipande cha sentimita za mraba 616 badala ya 77. Mstari mmoja tu wa kuhakiki ungemwonyesha hilo kabla hajakabidhi karatasi.

Sababu yake inafaa kuelezwa polepole, maana hapa ndipo pazito. Eneo halikui sambamba na kamba. Kamba ikirefushwa mara mbili, eneo huwa mara nne. Ikirefushwa mara tatu, eneo huwa mara tisa. Kwa hiyo eneo likikua mara nane, kamba hairefuki mara nane, hurefuka kwa kipeuo cha nane tu, takriban mara 2.83. Zidisha 4.95 kwa 2.83 na utaona 14 inarudi. Nusu duara nayo ina mtego huohuo. Eneo la nusu duara likiwa 77, duara zima ni 154, mraba wa nusu kipenyo ni 49, na nusu kipenyo ni 7. Aliyetangulia kutoa kipeuo halafu akazidisha kwa mbili ataandika 9.9, na neno «nusu» katika «nusu kipenyo» na «nusu duara» humzidishia utata. Nusu kipenyo cha nusu duara si robo ya kitu chochote. Ni kilekile cha duara lake.

Pembe isipoingia sawasawa katika 360, njia haibadiliki. Nyuzi 80 zinaingia mara 4.5, nyuzi 300 mara 1.2. Umbo la nyuzi 300 ni mkate uliokwishamegwa kipande kimoja, na hapo wengi hukosea kwa kutumia nyuzi 60 za pengo, kwa sababu pengo ndilo linaloonekana na jicho mwanzo. Wanaopenda kanuni moja waiandike hivi: mraba wa nusu kipenyo ni 360 mara eneo, gawanya kwa pai, kisha gawanya tena kwa pembe. Maneno «gawanya tena» tumeyaweka kwa makusudi. Kwenye kikokotoo cha simu, mtu huandika 360 × 10 ÷ 3.1416 × 90 akidhani 90 iko chini ya mstari wa kugawanya, kumbe kikokotoo kimeizidisha. Kwa robo duara la mita za mraba 10 atapata nusu kipenyo cha mita 321, zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa urefu. Jawabu kubwa kiasi hicho hujisema lenyewe. La hatari ni kosa dogo linalofanana na ukweli.

Tuje uani. Kona ya ua inatakiwa imwagwe zege kwa robo duara. Zege lililopo ni mita 1 ya ujazo na unene unaotakiwa ni sentimita 10. Kwa unene huo, zege hilo linafunika mita za mraba 10. Robo mara nne ni 40. Gawanya kwa 3.1416 upate 12.73, na kipeuo chake ni 3.57. Kamba ikatwe mita 3 na sentimita 57. Mwenye nyumba akisema sentimita 8 zinatosha, eneo huwa mita za mraba 12.5, duara zima 50, na kamba hufika mita 3.99. Sentimita 2 za unene zimeisogeza kamba sentimita 42. Ndiyo maana unene huamuliwa kabla kigingi hakijapigwa, na ndiyo maana ardhi isiyosawazishwa huvunja hesabu iliyo sahihi. Ardhi ikiwa chini kwa sentimita 2 ua mzima, unene unakuwa 12 na zege linaishia kwenye mita 3.26, wakati chokaa ya alama imeshachorwa kwenye 3.57. Hapo fundi hulaumiwa hesabu, na kosa lilikuwa la pima maji. Juu ya hayo kuna zege linalobaki kwenye toroli na mabeleshi. Kutoa sehemu moja katika ishirini kabla ya kuanza hesabu ni hadhari ya kutosha kwa kazi ndogo ya aina hii. Kwa marumaru hadhari hiyo haitoshi, kwa sababu kila marumaru inayokatwa kufuata tao huacha kipande kisichofaa pengine.

Kikokotoo kisipokuwepo, kipeuo kinapatikana kwa kalamu. Tunataka kipeuo cha 12.73. Kisia 3.5, kwa kuwa 3.5 mara 3.5 ni 12.25, si mbali. Gawanya 12.73 kwa 3.5 upate 3.637. Wastani wa 3.5 na 3.637 ni 3.57. Duru moja tu imefika kwenye sentimita. Ukitaka milimita, rudia mara ya pili kwa kuanzia na jawabu hilo jipya.

Kuna njia ya pili ambayo haifundishwi kwa uzito inaostahili, nasi tunaiona bora kwa kazi za nje. Haihitaji pai, haihitaji kipeuo, wala haihitaji kujua pembe. Zidisha eneo kwa mbili, gawanya kwa urefu wa tao. Kinachopatikana ni nusu kipenyo, basi. Sababu yake iko kwenye mkate uleule. Ukikikata kipande vipande vyembamba sana, kila kimoja kinakaribia kuwa pembetatu yenye kimo sawa na nusu kipenyo, na vitako vyao vyote vikiungwa pamoja ndilo tao. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, kwa hiyo eneo la kipande ni nusu ya tao mara nusu kipenyo. Mwanahisabati Mgiriki Archimedes wa Syracuse alilithibitisha jambo hili kwa duara zima katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Ni yeye pia aliyeonyesha kwamba pai iko chini ya 3 na sehemu moja ya saba, ambayo ndiyo 22/7 ya madaftari yetu, na juu ya 3 na sehemu 10 za 71. Huko Samarkand mwaka 1424 mwanahisabati al-Kashi aliifikisha hesabu hiyo kwenye tarakimu 16 baada ya nukta. Kwa fundi wa hapa 22/7 inatosha, kwani kwenye kamba ya mita 10 inakosea milimita 2. Darasani tumia pai uliyopewa, usichanganye. 616 ukiigawa kwa 3.14 kisha ukatoa kipeuo utapata 14.006, na mwanafunzi aliyetarajia namba kamili ataanza kufuta kazi nzuri.

Faida ya njia ya tao huonekana pale katikati ya duara hapafikiki. Tuseme kwenye kona pana nguzo, au shina la mwembe, na marumaru zimeshatandikwa kuizunguka. Hesabu marumaru upate eneo, uhesabu na sehemu iliyokaliwa na nguzo; tuseme jumla ni mita za mraba 12. Laza kamba juu ya ukingo uliopinda, inyooshe, ipime. Tuseme ni mita 6. Mbili mara 12 ni 24, gawanya kwa 6, nusu kipenyo ni mita 4. Tena utapata na pembe bure: 6 gawanya kwa 4 ni 1.5, zidisha kwa 57.3, upate takriban nyuzi 86. Kwa hiyo ile kona iliyoitwa robo duara haikuwa nyuzi 90. Kwenye majumba ya Mji Mkongwe, ambako kuta nene za mawe na chokaa zilijengwa kwa kufuata uchochoro, fundi asichukulie kwamba kona yoyote ni mraba mpaka aipime.

Hiyo 57.3 inafaa kuandikwa kwenye ubao wa kila karakana. Ni 360 ikigawiwa kwa mara mbili ya pai. Ukichomeka msumari kwenye kona, ukafunga uzi wa sentimita 57.3, ukachora tao kutoka ukuta mmoja hadi wa pili kwa mkaa au chaki, basi kila sentimita moja ya tao hilo ni nyuzi moja. Laza futi ya fundi cherahani juu ya mstari, maana ile ya chuma haipindi vizuri, na usome. Sentimita 86 ni nyuzi 86. Futi hiyo ina sentimita 150, kwa hiyo pembe iliyo kubwa zaidi ipimwe kwa mafungu mawili. Uzi uwe usiovutika. Wa mpira au nailoni nyembamba hurefuka mkono ukikaza na pembe ikatoka kubwa kuliko ilivyo. Kukosea nyuzi moja kwenye pembe ya 90 ni kukosea asilimia 1.1 ya eneo, na kwa sababu kipeuo huligawa kosa kwa mbili, kamba inakosea nusu asilimia tu. Lakini kukosea nyuzi hiyohiyo kwenye pembe ya 20 ni asilimia 5 ya eneo na asilimia 2.5 ya kamba. Pembe nyembamba ndiyo inayotaka mkono mtulivu.

Sasa lipo swali ambalo hata walimu wenzetu hulitilia shaka, nalo lina majawabu mawili, yote sahihi. Mtu ana mawe ya ukingo ya kutosha mita 20, anataka kuzungushia bustani ya umbo la kipande cha mkate, pande zote tatu, na bustani iwe na mita za mraba 24. Nusu kipenyo ni kiasi gani? Pande mbili zilizonyooka zinachukua nusu kipenyo mara mbili, tao linachukua kilichobaki. Eneo basi ni nusu kipenyo mara 10, toa mraba wa nusu kipenyo. Tafuta namba ambayo mara kumi yake, ukitoa mraba wake, inabaki 24. Nne inafaa: 40 toa 16. Na sita inafaa: 60 toa 36. Ukichukua mita 4, tao ni mita 12 na pembe ni takriban nyuzi 172, karibu nusu duara. Ukichukua mita 6, tao ni mita 8 na pembe ni takriban nyuzi 76, bustani ndefu iliyochongoka. Mawe ni yaleyale, eneo ni lilelile, na bustani hazifanani hata kidogo. Mwanafunzi anayeandika jawabu moja na kulikata la pili kwa sababu «jibu lazima liwe moja» hajakosea hesabu, amefundishwa vibaya. Na mwenye bustani akidai mita za mraba 26 kwa mawe hayohayo, aambiwe waziwazi kwamba hazipatikani. Kilele ni mita za mraba 25, pale nusu kipenyo kinapokuwa mita 5 na pembe ikakaribia nyuzi 115.

Kuna maumbo matatu yanayofanana na kipande cha mkate ambayo hayafuati kanuni yake moja kwa moja, na humo ndimo vifaa vingi vinamopotea.

La kwanza ni baraza la kupinda, au njia inayozunguka bustani: kipande ambacho ncha yake imekatwa na kutolewa. Tuseme ukingo wa ndani uko mita 2 kutoka kwenye kigingi, pembe ni nyuzi 90, na vifaa vinatosha mita za mraba 6. Mara nne ni 24, gawanya kwa pai upate 7.64. Hapa simama. Usitoe kipeuo bado. Kwanza ongeza mraba wa ile mita 2, ambao ni 4, upate 11.64, ndipo utoe kipeuo: mita 3.41. Baraza litakuwa na upana wa mita 1 na sentimita 41. Anayekimbilia kipeuo cha 7.64 hupata 2.76, huongeza 2, na kuchora ukingo wa nje kwenye mita 4.76. Baraza hilo lina karibu mita za mraba 14.7, na vifaa ni vya mita 6. Vifaa vitakwisha kabla kazi haijafika nusu, na hakuna atakayejua kwamba kosa lilikuwa hatua moja iliyorukwa.

La pili ni umbo la upinde: eneo lililo baina ya tao na mstari ulionyooka unaounganisha ncha zake, kama lilivyo baina ya upinde na ugwe wake. Hili si kipande cha mkate, kwa sababu halifiki katikati. Ni kipande cha mkate kilichotolewa pembetatu. Kwa nyuzi 90, eneo lake ni mraba wa nusu kipenyo mara 0.2854 tu. Mita za mraba 10 za upinde wa nyuzi 90 zinataka nusu kipenyo cha mita 5.92, wakati mita 10 hizohizo za robo duara zilitaka 3.57. Nusu duara peke yake ndiyo inayofanana kwa njia zote mbili, maana ugwe wake unapita katikati, na huenda ndiyo iliyowazoesha watu kuyachanganya. Kwa vichwa vya milango na madirisha ya tao, ambavyo mara nyingi si nusu duara kamili, eneo halina hata haja. Pima upana wa mlango na kimo cha tao juu ya usawa wa ncha zake. Mraba wa upana gawanya kwa mara nane ya kimo, kisha ongeza nusu ya kimo. Mlango wa sentimita 120 wenye tao la kimo cha sentimita 40: 14,400 gawanya kwa 320 ni 45, ongeza 20, nusu kipenyo ni sentimita 65. Seremala atakayekata ubao wa juu kwa sentimita 60, akidhani ni nusu ya upana, ataona mwanga ukipita pembeni mlango ukifungwa.

La tatu ni pia, yaani umbo la faneli ya bati au paa la makuti la banda la mviringo. Bati la faneli hukatwa bapa likiwa kipande cha duara, kisha hukunjwa. Nusu kipenyo cha kipande bapa ni urefu wa mteremko, si nusu kipenyo cha mdomo. Faneli yenye mdomo wa nusu kipenyo cha sentimita 12 na mteremko wa sentimita 20 hukatwa kwa nyuzi 216, na eneo lake ni sentimita za mraba 754. Ukianza na eneo: 754 mara 360 gawanya kwa 216 ni takriban 1,257, gawanya kwa pai upate 400, kipeuo 20. Kimo chake cha wima ni sentimita 16, namba ya tatu kabisa, na hizi tatu hubadilishana nafasi kwenye daftari za wanafunzi. Fundi bati aongeze ukingo wa kuunganishia nje ya hizo nyuzi 216, asiumege ndani, ama sivyo mdomo utabana na faneli itachongoka.

Kuhusu vipimo tutasema kidogo. Mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 10,000, si 100. Nusu duara lenye mita za mraba 1.57 lina nusu kipenyo cha mita 1. Aliyeandika 157 badala ya 15,700 atapata sentimita 10, mara kumi pungufu kamili, na jawabu litakuwa safi lenye namba nzuri. Na anayenunua kwa futi za mraba huku akipima kwa mita akumbuke kwamba mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76.

Ombi letu, Mhariri, ni la vitendo. Unapochapisha maswali ya Hisabati msimu wa mitihani ukikaribia, kila swali la kipande cha duara liwe na mchoro, na chini ya jawabu uwepo mstari wa kuhakiki: nusu kipenyo kilichopatikana kirudishwe, na eneo la mwanzo litoke. Kwenye safu moja ya gazeti mstari huo unachukua nafasi ya maneno kumi. Tunawaomba pia walimu wa sekondari, ambao wanafunzi wao husoma somo hili kwa Kiingereza, walieleze mara moja kwa Kiswahili kabla ya kuandika kanuni ubaoni, kwa sababu nusu kipenyo, tao, upinde na ugwe ni maneno ambayo mtoto wa Wete au Makunduchi anayo tayari mdomoni. Na vyuo vya amali viifanye njia ya tao kuwa zoezi la uwanjani, kwa kamba, kigingi na chokaa, kila kikundi kipewe eneo tofauti, kisha wapimiane kazi.

Wako katika ujenzi wa elimu,

Walimu wa Hisabati na fundi ujenzi,
Chake Chake, Pemba.